Kuwakalisha Mahasimu Kitako: Namna ya Kuendesha Mazungumzo ya Kumaliza Vita vya Ndani

Itifaki iliyofungua njia ya kumaliza vita vya Kaskazini na Kusini mwa Sudan ilitiwa saini Machakos, Julai 2002. Sehemu kubwa ya mkataba uliofuata ilijadiliwa Naivasha. Wasomali nao walianza vikao vyao Eldoret, Oktoba mwaka huohuo, kisha wakahamishiwa Mbagathi, Nairobi. Watu waliokuwa wakiuana kwa miaka walikuja Kenya, wakabishana hadi usiku wa manane, na baadhi yao wakarudi makwao na karatasi zilizonyamazisha bunduki.

Kwetu Amu, yaani Lamu, vita hivyo havikuwa habari za mbali. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa nchi hiyo walikimbia kwa mashua na majahazi kuja pwani yetu, na wapo waliozeeka huku. Mradi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa Machi 2012 mbele ya viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi, kwa matumaini kwamba mafuta ya Sudan Kusini yatapitia hapa. Desemba 2013 Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, ikawaka moto. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Bomba la mafuta halijafika.

Mwongozo huu nauandika kwa vijana wetu, wanakamati wa amani, walimu, wanasheria na wakalimani ambao siku moja huenda wakaitwa kusaidia mazungumzo ya namna hii. Nauandika kana kwamba kikao kinafanyika Amu, ingawa mifano ni ya vita vya mahali pengine barani. Ninachoshikilia tangu mwanzo hadi mwisho ni kimoja: kila mpiganaji anayeketi mezani ana swali lake moyoni, "Nikiweka bunduki chini leo, kesho nani atanilinda?" Pima kila hatua kwa swali hilo.

Hatua ya 1: Ijue vita kabla ya kuwaita wapiganaji

Usianze na barua za mwaliko. Anza na daftari. Andika nani anatoa amri kwa kila upande, na nani anatiiwa kweli, maana mara nyingi hao si watu wale wale. Andika nani anawalipa, silaha zinapita mpaka gani, na nani atapoteza riziki vita vikiisha: mfanyabiashara wa mafuta, mkuu wa kizuizi cha barabarani, jirani anayetumia vita hivyo kumkomoa jirani mwingine. Kutana na kila upande peke yake, mara nyingi, bila kamera.

Tafuta pia dalili za uchovu. Msumbiji, chama tawala cha FRELIMO na waasi wa RENAMO walipigana tangu 1977. Walianza kuzungumza Roma mwaka 1990, misaada ya nje ilipokuwa ikikauka kwa pande zote mbili, na ukame mkali wa 1992 ulimaliza kilichosalia vijijini. Rais Joaquim Chissano na kiongozi wa RENAMO, Afonso Dhlakama, walitia saini tarehe 4 Oktoba 1992. Upande unaoamini kwamba utashinda kabla ya masika utakuja kwenye mazungumzo kupumzisha askari wake tu. Ukiona hivyo, endelea kuzungumza nao kwa faragha, lakini usiwatangazie watu kwamba amani iko njiani.

Hatua ya 2: Amua nani aketi, na usimsahau asiye na bunduki

Kanuni ya kwanza ni ngumu kuimeza: anayeweza kuuvunja mkataba kwa nguvu lazima apatiwe njia ya kuingia, hata kama humpendi. Mazungumzo ya Burundi yalifanyika Arusha chini ya Mwalimu Nyerere, na alipofariki Oktoba 1999 Nelson Mandela akayachukua. Pande 19 zilihusika katika mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000. Lakini wapiganaji wakuu wa msituni, CNDD-FDD na FNL, hawakuwamo. Vita viliendelea. CNDD-FDD waliingia kwenye makubaliano mwaka 2003, na FNL wakatia saini ya kusitisha mapigano Dar es Salaam Septemba 2006. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, na watu waliozikwa ndani yake.

Kanuni ya pili husahauliwa zaidi. Ukiwapa viti wenye bunduki peke yao, unawafundisha vijana wa nchi ile kwamba bunduki ndiyo tiketi ya kuingia. Wanawake, viongozi wa dini, wakimbizi walioko makambini na wafanyabiashara wadogo waingie mapema, na waingie na hoja zao wenyewe. Wasiletwe kuimba siku ya ufunguzi kisha waondolewe ukumbini. Accra, mwaka 2003, wajumbe wa Liberia walikuwa wakila posho hotelini huku Monrovia ikipigwa makombora. Wanawake waliokuwa na Leymah Gbowee wakakaa chini mlangoni pa ukumbi, wakafungana mikono, wakasema hatoki mtu. Rais Charles Taylor aliachia madaraka tarehe 11 Agosti, na mkataba ukatiwa saini tarehe 18. Walikuwepo wapatanishi hodari pale, wakiongozwa na Jenerali Abdulsalami Abubakar, lakini shinikizo la wale akina mama lilikuwa na uzito ambao hakuna balozi angeweza kuuleta, kwa sababu waliokuwa wakifa walikuwa watoto wao.

Kwa kikao cha Amu, ningetaka kina mama wa makambini wapewe chumba chao, karani wao, na haki ya kusoma kila rasimu siku ileile wajumbe wanapoisoma.

Hatua ya 3: Mlango uwe mmoja

Wasuluhishi wakiwa wengi, kila upande huenda penye mlango unaoufaa. Tangu vita vya Sudan vilipolipuka Aprili 2023, pamekuwa na mazungumzo ya Jeddah, ya IGAD (jumuiya ya nchi za kanda yetu), ya Manama, Geneva na kwingineko, na kila jukwaa jipya limetoa nafasi ya kulikwepa lililotangulia. Sisi Wakenya tunakumbuka kinyume chake. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Kofi Annan alikuja na Graça Machel na Benjamin Mkapa, akawaomba wengine wote wampe nafasi, na tarehe 28 Februari pakawa na muafaka. Yetu haikuwa vita kamili, lakini somo hilo linafaa.

Msuluhishi asipokee zawadi, asilale nyumba moja na upande wowote, na asibebe uvumi.

Hatua ya 4: Mahali, kalenda, na chakula

Watu wa vitabu hupita haraka hapa. Mimi nakawia, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo mengi hupona au hufa.

Chagua mahali ambapo mjumbe hawezi kutoroka kila jioni kwenda kuonana na mabalozi na waandishi wa habari. Naivasha ilikuwa na faida hiyo. Amu inayo kwa maumbile: ndege hutua kisiwa cha Manda, abiria huvuka kwa mashua, na misafara ya magari yenye bendera haina pa kupita. Jenerali na karani wote hutembea kwa miguu na kumpisha punda. Laza upande mmoja Shela, kijiji cha jirani, na mwingine Amu mjini, na chumba cha mkutano kiwe mahali pa tatu, ili asiwepo mwenyeji wala mgeni. Umbali ule wa mwendo wa miguu pwani una manufaa yake: mjumbe aliyekasirika ana muda wa kupoa kabla hajafika kwa wenzake.

Tazama kalenda. Epuka Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, mji unapofurika na kitanda hakipatikani. Ramadhani si lazima kusimamisha kazi, lakini panga vikao virefu baada ya tarawehe na asubuhi uwaachie watu walale. Siku ya Ijumaa usiitishe chochote hadi baada ya swala, na kama wajumbe wengine ni Wakristo, Jumapili yao nayo iheshimiwe vivyo hivyo.

Kuhusu chakula, usiwalazimishe watu waliouana kula sinia moja siku ya kwanza. Hiyo ni picha ya magazeti. Waandalie mahali pawili. Ila kahawa tungu na halua viwekwe mahali pamoja, barazani, na uwaache. Siku moja utamkuta kanali wa huku akimuuliza kanali wa kule habari za mwalimu waliyesoma kwake wote wawili. Usiwasogelee, wala usimwite mpiga picha.

Posho iwe ya kutosha kuishi, isizidi hapo. Mjumbe anayelipwa hotelini zaidi kuliko anavyolipwa kwao hana haraka ya kumaliza. Simu zibaki nje ya chumba, na anayezungumza na vyombo vya habari awe msuluhishi peke yake, kwa maneno ambayo pande zote zimeyasoma. Ukalimani usiachiwe mtoto wa mtu: weka wakalimani wawili kwa kila lugha, wapishane kila nusu saa, na waruhusiwe kusimamisha kikao neno lisipoeleweka.

Hatua ya 5: Anza na kanuni, kisha andika rasimu moja

Kabla ya hesabu ya viti na mapipa ya mafuta, zifikishe pande mbili kwenye jambo kubwa linalozigawa. Sudan waliliweka mezani Machakos: Kaskazini ibaki na sharia ya Kiislamu, Kusini ipewe haki ya kupiga kura ya kuamua hatima yake baada ya kipindi cha mpito cha miaka 6. Kila upande ulipata kile ambacho usingeweza kuishi bila hicho. Mengine yote yalijengwa juu ya hapo, na bado yalichukua zaidi ya miaka 2.

Kisha kazi ya rasimu. Usikubali kila upande ulete karatasi yake, kwa sababu mtashinda siku nzima mkilinganisha karatasi. Msuluhishi aandike moja. Aipeleke Shela, asikilize malalamiko, asibishane, aandike. Aipeleke mjini, afanye vivyo hivyo. Arudi chumbani arekebishe, aipe tarehe na nambari mpya, na zile za zamani azikusanye zote. Sentensi ya kuzoea ni hii: "Mheshimiwa, sikuulizi kama umekubali. Nakuuliza wapi panakuumiza." Mtu akionyesha panapomuuma, una kazi ya kufanya. Ukimuuliza kama amekubali, atasema hapana na mlango utafungwa.

Lakini rasimu ikienda mbele kuliko watu, itakataliwa. Julai 2003 wapatanishi wa IGAD chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo walipeleka rasimu ya mambo yote huko Nakuru, na serikali ya Khartoum ikaikataa kwa hasira. Kilichoyaokoa mazungumzo ni John Garang, kiongozi wa waasi wa Kusini, na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, kuja wenyewe Naivasha Septemba ile na kuzungumza ana kwa ana. Jua siku ya kuiweka kalamu chini na kuwaita wakubwa.

Hatua ya 6: Bunduki

Hapa usiwe na haya wala haraka. Naivasha, baada ya Garang na Taha kukutana, jambo la kwanza kutiwa saini lilikuwa la usalama, tarehe 25 Septemba 2003. Mali ikafuata Januari 2004, na madaraka Mei. Jeshi la Kusini, SPLA, halikuvunjwa katika kipindi cha mpito. Lilibaki jeshi, pamoja na vikosi vya mchanganyiko. Wapo waliosema huko ni kuigawa nchi mapema. Nadhani bila jibu hilo Kusini isingetia saini chochote.

Kusitisha mapigano kuandikwe kwa ramani. Kila kikosi kitasimama wapi, kwa jina la kijiji na mto? Kitarudi nyuma kilomita ngapi? Ndege za kivita zitaruka au hazitaruka? Wafungwa wataachiliwa lini, na nani atabeba orodha yao? Malori ya chakula yapite barabara gani bila kukaguliwa mara tano? Risasi ikilia usiku, mwangalizi gani ataarifiwa, kwa simu ipi, na atafika baada ya saa ngapi? Maswali haya yajibiwe na makamanda, si wanasiasa. Ethiopia, baada ya mkataba wa Pretoria wa kumaliza vita vya Tigray, wa tarehe 2 Novemba 2022, makamanda wa pande zote mbili waliitwa Nairobi, na tarehe 12 wakaandika namna ya kutekeleza.

Halafu kuwapokonya silaha na kuwarudisha uraiani. Angola ni onyo. Mkataba wa Bicesse ulitiwa saini Mei 1991, uchaguzi ukafanyika Septemba 1992 huku majeshi yote mawili yakiwa bado mazima nyuma ya wagombea wao, na mshindi akitegemea kuchukua kila kitu. Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, akakataa matokeo na kurudi vitani. Ilichukua hadi Aprili 2002, baada ya Savimbi mwenyewe kuuawa, ndipo vita vikaisha. Usikubali kamwe tarehe ya uchaguzi inayotangulia tarehe ya kuvunja vikosi.

Msumbiji walijifunza kutokana na hayo. Wapiganaji walikusanywa kambini kwanza, walioacha jeshi wakaahidiwa malipo ya miaka 2, na RENAMO ikapewa fedha za kujigeuza chama cha siasa kabla ya uchaguzi wa Oktoba 1994. Jeshi jipya lilipangiwa askari 30,000, nusu kwa nusu. Waliojitokeza hawakufika nusu ya idadi hiyo, kwa sababu vijana walitaka kurudi nyumbani. Hata hivyo jambo moja liliachwa wazi: walinzi wa Dhlakama waliobaki na silaha. Mwaka 2013 bunduki zikalia tena, na ilibidi makubaliano mengine yatiwe saini Agosti 2019.

Na mji mkuu usiwe na majeshi mawili. Riek Machar, kiongozi wa waasi wa Sudan Kusini, alirudi Juba Aprili 2016 na walinzi wake wenye silaha, kwa mujibu wa mkataba wa 2015. Julai walinzi wa pande mbili wakapigana palepale mjini, na mkataba ukaporomoka.

Hatua ya 7: Madaraka na mali

Hapa andika hesabu. Mkataba wa Sudan ulisema mafuta ya visima vya Kusini yatoe kwanza 2% kwa majimbo yanayoyazalisha, kisha kinachobaki kigawanywe nusu kwa nusu kati ya Kusini na serikali ya kitaifa. Burundi waliandika Bunge liwe na Wahutu 60% na Watutsi 40%, na jeshini kabila lolote lisizidi nusu. Urais wa mpito waliupokezana, miezi 18 kwa miezi 18, na Pierre Buyoya alipofikisha yake alimwachia Domitien Ndayizeye kweli.

Kupokezana si jambo geni kwetu. Amu ya kale ilikuwa na pande zake mbili, Zena na Suudi, na uongozi wa mji ulikwenda kwa zamu. Upande unaojua kwamba zamu yake inakuja huweza kuvumilia zamu ya mwenzake, mradi tarehe imeandikwa na wapo mashahidi.

Hatua ya 8: Haki na msamaha

Utaombwa msamaha wa jumla. Utaambiwa bila huo hakuna saini. Lomé, Julai 1999, Foday Sankoh, kiongozi wa waasi wa Sierra Leone, alipewa msamaha, hadhi ya makamu wa rais, na uenyekiti wa tume iliyosimamia madini. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa aliandika kwa mkono kwamba umoja huo hautambui msamaha kwa mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Mei 2000 wapiganaji wa Sankoh waliwateka walinda amani wapatao 500.

Ushauri wangu ni kuwasamehe askari wa kawaida kwa kosa la kubeba silaha, na kuwaacha waliopanga mauaji na ubakaji nje ya msamaha huo, hata kama mahakama yao haitaundwa mwaka huo. Usiandike sentensi inayomfungia mlango mjane ambaye hakuwamo chumbani.

Hatua ya 9: Taja mipaka yote minne

Hati nzuri ya kiwanja huku kwetu hutaja kiwanja kinapakana na nani kibla, yaani kaskazini, nani matlai, yaani mashariki, nani kusini na nani magharibi. Hati isiyotaja jirani mmoja huzaa kesi ya wajukuu. Mkataba wa amani ni hivyo hivyo. Itifaki ya Abyei, eneo la mpakani kati ya Kaskazini na Kusini mwa Sudan, ya tarehe 26 Mei 2004, iliwapa wakazi haki ya kupiga kura kuchagua Kaskazini au Kusini. Ikasema wakazi ni Wadinka wa Ngok na Wasudani wengine wanaoishi katika eneo hilo, na vigezo vya ukaazi vitapangwa baadaye na tume. Wafugaji wa Misseriya wanaopitisha mifugo pale kila mwaka, je, wanaishi pale au wanapita? Haikuandikwa. Januari 2011 Kusini ilipiga kura yake, na Abyei haikupiga. Damu imemwagika pale tangu wakati huo.

Kwa hiyo siku mbili kabla ya kutia saini, wape rasimu watu watatu ambao hawakuwamo kwenye mazungumzo: mwanasheria, kamanda, na mwalimu wa kijijini. Waambie watafute kila "baadaye", kila "wengine", kila "kwa mujibu wa taratibu". Palipo na neno kama hilo, andika jina, tarehe na kiasi, au angalau nani ataamua wakishindwa kukubaliana, na ndani ya siku ngapi.

Hatua ya 10: Saini, na miezi mitatu ya mwanzo

Sherehe iwe fupi. Mkataba wa Sudan ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005 mbele ya umati mkubwa, na tarehe 30 Julai mwaka huohuo Garang akafa katika ajali ya helikopta. Ulisimama kwa sababu kazi zilikuwa zimeandikwa kwa vyeo na taasisi, haukumtegemea mtu mmoja. Hakikisha wako uko hivyo.

Kabla wajumbe hawajapanda mashua kurudi Manda, kila upande uondoke na jedwali la utekelezaji: kazi, mwenye kazi, tarehe, fedha zinatoka wapi, na nani anathibitisha kwamba imefanyika. Wadhamini wa nje waahidi kwa maandishi idadi ya waangalizi na siku watakayofika, na wa kwanza wafike ndani ya wiki 2. Mkataba utafsiriwe katika lugha za watu walioteseka, usomwe redioni kifungu kwa kifungu, na nakala zipelekwe kambini kwa wakimbizi kabla ya kupelekwa kwa wafadhili.

Msuluhishi asifunge ofisi. Kwa miezi mitatu kamati ya pamoja ikutane kila wiki, hata wiki ambayo hapana tatizo, na ikutane upande huu na upande ule kwa zamu. Utakuja ukiukaji; hakuna mkataba usiokiukwa mwezi wa kwanza. Ukitokea, waangalizi waende mahali penyewe kabla ya mtu yeyote kutoa taarifa, waandike walichokiona, na taarifa hiyo isomwe na makamanda wote wawili wakiwa chumba kimoja. Aliyekosea apewe muda wa saa 48 kurudi kwenye mstari wake. Akipitisha muda huo, wadhamini waliotia saini waitwe siku hiyohiyo, kwa majina yao, na kila mmoja aulizwe alichoahidi kufanya.